Natafuta fildi ya sheria upande wa haki za kidijitali, nipo Tanga. Nianzie wapi?

#1 Mwana_Makorora (mleta mada)

Hodi jamvini. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nasoma shahada ya sheria mwaka wa tatu. Chuo kiko nje ya mkoa, nyumbani ni Tanga mjini. Fildi inakaribia na barua ya chuo ninayo tayari, ile ya "Kwa yeyote anayehusika". Wenzangu wengi wanakimbilia mahakamani au kwa mwanasheria wa halmashauri. Mimi moyo wangu uko kwenye haki za kidijitali: faragha, taarifa binafsi, uhuru wa kusema mtandaoni. Oktoba 29, 2025 intaneti ilipokatwa siku ya uchaguzi nilikuwa nyumbani, na maswali yaliyonikaa kichwani ni ya kisheria: amri ilitolewa kwa kifungu gani, na muuza duka aliyeshindwa kufanya biashara siku zile anakwenda kulalamika wapi?

Nimepekua sana. Nikikuta nafasi nzuri basi ni ng'ambo. EFF ya San Francisco, shirika la kutetea haki za mtandaoni, hawa wapo kazini tangu 1990, wanapokea wanafunzi wa sheria wakafanye utafiti na kusaidia kuandaa hoja za mahakamani. Nikija kwetu naona majina yote yako Dar, na Dar sina pa kufikia. Shangazi niliyekuwa namtegemea kahamia Kibaha, na nyumba yenyewe ya vyumba viwili.

Kuna ofisi yoyote Tanga inayoshughulika na mambo haya, au nijikunje tu nikae masijala kama wenzangu?

#2 Mkonge_Mkavu

Nipo siti ya mbele na kahawa yangu na kashata. Wajuzi waje.

#3 Barabara_ya_15

Mdogo wangu, kwa Tanga hii? Utapiga fotokopi mpaka vidole vinuke wino. Utatumwa maji, utatumwa vocha, utabeba majalada ya mwanasheria kumfuata nyuma mahakamani. Siku ya mwisho unagongewa muhuri kitabu chako cha fildi, kwaheri. Haki za kidijitali ni mambo ya semina za hotelini Dar na Arusha. Huku watu wanagombania mipaka ya mashamba.

Tafuta nauli uende Dar. Sinza hukosi mtu wa kulala naye chumba kimoja mkichanga kodi.

#4 Wakili_wa_Pwani

Nianze na mkuu wa Barabara ya 15. Fotokopi ni kweli, sitaki kumdanganya kijana. Kila ofisi ya wakili ina fotokopi na intani ndiye anayeziendea. Kwenye hayo mengine umemkatisha tamaa bure.

Mimi ni wakili, ofisi yangu iko mjini hapa. Mleta mada, hutakuta Tanga ofisi yenye bango la haki za kidijitali, kwa hiyo usipoteze wiki kulitafuta. Jalada haliingii mlangoni limeandikwa "faragha". Linaingia limeandikwa deni, talaka, kufukuzwa kazi, wizi. Ukilifungua, ndani unakuta simu.

Chukua huyu mama anayeuza samaki pale Deep Sea. Kakopa elfu hamsini kwenye programu ya simu, mkononi imemfikia thelathini na tano, iliyobaki wameita ada. Muda wa kulipa ni siku saba. Ya nane, shemeji yake, ustadhi wa madrasa ya mwanawe, mteja wake wa Muheza na fundi aliyemjengea choo, wote wamepata ujumbe kwamba fulani ni tapeli na wao ndio wadhamini wake. Mama huyu hakuja ofisini kudai haki za kidijitali, kaja kwa aibu. Kakaa kwenye kiti, mtandio kauvuta mpaka usoni, anauliza: "Mwanangu, hawa namba za watu wangu wamezipata wapi?"

Swali hilo linajibiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Alipopakua programu ile iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, naye akabonyeza kubali, maana bila kubali hupati mkopo. Sasa wewe intani kaa nayo. Kubali ya namna hiyo ni ridhaa? Na hata ikiwa ni ridhaa ya mama, inamhusu vipi ustadhi ambaye hakubonyeza chochote? Namba zilichukuliwa kwa kusudi gani na zikatumika kwa lipi? Tunamlalamikia nani ikiwa kampuni haina hata anwani? Unafungua tangazo la Benki Kuu la Novemba 2024, lile lenye programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, unaangalia kama hao wamo. Unaandaa malalamiko ya kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Unampigia fundi choo na mteja wa Muheza kuwaomba wasifute ujumbe.

Halafu ushahidi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime ujumbe ulitengenezwa vipi, ukatunzwa vipi, na aliyeutuma anajulikana vipi. Wateja wetu wanaleta skrinishoti iliyokatwa juu na chini: namba haionekani, tarehe haipo, jina la mtumaji limehifadhiwa kama "Shetani". Mwenzako anasimama anapinga, hakimu anaikataa, mmerudi mlikotoka. Intani anayejua kumkalisha mteja, kuichukua picha ile upya simu ikiwa mezani, kuandika nani kaichukua, kwa simu ipi, saa ngapi, kisha akaandaa rasimu ya kiapo cha kuithibitisha, huyo ofisi haimtumi vocha.

#5 Mkonge_Mkavu

"Shetani" 😂😂 Wallahi kuna mtu namjua kamsevu aliyekuwa mumewe hivyohivyo.

#6 Binti_Pangani

Wakili kasema, mimi niongezee nilikopita. Fildi yangu niliifanya kituo cha msaada wa kisheria hapahapa mkoani. Mleta mada, vituo hivi usivipite. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na wao ndio wanaokutana na mwananchi kabla ya wakili. TAWLA pia, Chama cha Wanasheria Wanawake, wana tawi Tanga. Usidhani ni kwa ajili ya wasichana tu.

Kesi zilizokuwa zikinijia mimi ni picha. Binti kaachana na mchumba, mchumba kazimwaga picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kaka zetu wanaopenda sana nadharia wasome hapa. Chuoni nilikuwa mstari wa mbele kuilaani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 cha taarifa za uongo, adhabu yake isiyopungua milioni tano au miaka mitatu jela, au vyote viwili, niliandikia insha na nikapata maksi nzuri. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo baada ya JamiiForums kukataa kutoa taarifa za wanachama wake, na tulijadili hilo darasani mpaka mwalimu akatufukuza muda umeisha.

Sasa nimekaa mbele ya binti analia, na sheria ya kumsaidia ni ileile. Kifungu cha 23, udhalilishaji mtandaoni. Namwandikia maelezo ya kupeleka polisi, na polisi hao wanataka simu yake. Simu nzima! Ndani kuna ujumbe wa mama yake, wa daktari wake, wa mchumba mpya. Kumwambia asiitoe ni kuiua kesi, na kumwambia aitoe ni kumvua nguo mara ya pili. Msimamizi wangu alinifundisha kuuliza mambo ambayo chuoni hayakutajwa: hati ya kukabidhi kitu iko wapi, imeandikwa namba ya utambulisho ya simu, ilikuwa imezimwa au imewashwa, nani anaingia nayo chumba kipi, inarudi lini. Tulikuwa tunaandika hati ile kwa mkono, nakala mbili, binti anasaini naye askari anasaini.

Na binti mwenyewe alichotaka kwanza si kesi. Alitaka picha itoke kabla hakujakucha. Kwa hiyo ujue pia kuripoti kwenye mtandao wenyewe, ukishahifadhi ushahidi. Usianze kufuta. Watu wanafuta kwanza halafu wanakuja kwetu mikono mitupu.

#7 Barabara_ya_15

Sawa dada, hapo nimekuelewa. Ila posho je? Kijana atakula nini?

#8 Binti_Pangani

Posho hakuna kaka, tusidanganyane. Kituo kile kilikuwa kinanipa nauli siku za kwenda vijijini tu. Lakini analala kwao Makorora na anakula kwao. Huko Sinza unakompeleka atalipa kodi, atalipa daladala, atakula kwa mama lishe mchana na jioni, na posho vilevile hakuna.

#9 Mwana_Makorora

Asanteni sana wakubwa. Dada Binti Pangani, hilo la simu nzima sijawahi kulifikiria kabisa.

Wakili, swali. Je, mimi intani nitaruhusiwa kuyaona majalada hayo kweli? Na nikitaka kuandika ripoti yangu ya fildi kuhusu kesi kama ya huyo mama, inaruhusiwa?

#10 Wakili_wa_Pwani

Utayaona ukiaminika. Na kuaminika kwenyewe naanza kukupima siku ya kwanza bila kukwambia.

Siku hizi maintani wana tabia moja. Unampa jalada alisome, yeye anatoa simu, paa paa paa, kapiga picha kurasa zote "nitasoma nyumbani". Picha zile zimeshapanda kwenye akaunti yake ya kuhifadhia, na simu yenyewe mdogo wake anaichezea gemu. Jioni anaituma ukurasa mmoja kwenye kundi la darasa kuuliza, "Jamani hii ni kesi ya madai au jinai?" Jina la mteja liko juu pale kwa herufi kubwa. Mtu huyo kwenye barua ya maombi kaandika anapenda faragha. Ofisini kwangu simu ya intani inakaa drooni anapokuwa na jalada, na karibu wote wananuna.

Ripoti andika, ila hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna namba ya shauri, na nisome mimi kwanza. Tanga ndogo. Ukisema "muuza samaki mmoja mwenye mtoto madrasa fulani", nusu ya mji imeshamjua.

#11 Ukungu_wa_Lushoto

Samahanini kuingilia. Mimi nipo stashahada ya sheria, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Sisi fildi zetu nyingi ni mahakamani. Je, nasi tuna nafasi kwenye hizi haki za kidijitali au ni za wenye shahada tu?

#12 Wakili_wa_Pwani

Wewe ndiye umekaa pazuri, hujajua tu. Mahakama siku hizi mashauri yanasajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na hukumu zinapandishwa TanzLII, tovuti ya wazi ya sheria na hukumu, mtu yeyote azisome. Ukiwa masijala angalia nini kinaingia kwenye mfumo na nani anakiona. Kwenye hukumu za watoto waliofanyiwa ukatili majina hufichwa kwa herufi, wakati jina la mzazi na la kijiji pengine yameachwa wazi. Ukiweza kuandika kurasa tatu nzuri kuhusu hilo, kwa adabu, ukamwonyesha hakimu msimamizi wako, umefanya kitu ambacho wenye shahada wengi hawajakifanya.

Mleta mada, na wewe usiidharau masijala kwa sauti hiyo.

#13 Mzee_wa_Ngamiani

Watoto mnaongea mambo makubwa. Mimi niulize langu la kizee. Nilipokwenda kusajili laini kwa kijana mmoja chini ya mwavuli, akaniambia alama ya kidole haijasoma, weka tena. Nikaweka. Tena haijasoma. Juzi napigiwa simu naambiwa laini yenye jina langu imetapeli mtu Korogwe. Hii nayo ni haki ya kidijitali au ni uchawi?

#14 Binti_Pangani

Shikamoo mzee. Si uchawi, ni huyo kijana. Kila "haijasoma" pengine ilikuwa ni laini nyingine inasajiliwa kwa kitambulisho chako. Bonyeza *106# uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usiyoitambua nenda duka la kampuni ya simu lenyewe, usirudi kwa mwavuli, uikane, udai karatasi ya kuonyesha umeikana lini. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, TCRA wana namba 15040 ya kuripoti. Na huyo aliyekupigia kuhusu Korogwe, kama kweli ni polisi, nenda na karatasi hiyo mkononi na usiende peke yako.

#15 Mzee_wa_Ngamiani

Marahaba mwanangu. Zimetoka namba nne. Mimi nina moja.

#16 Wakili_wa_Pwani

Mwana Makorora, umemwona mteja wako wa kwanza huyo?

#17 Mswahili_wa_Mvita

Salamu kutoka Mombasa, majirani. Mambo ya hizo programu za mikopo twayajua sana huku. Sheria yetu ya taarifa binafsi ni ya 2019, na Septemba 2023 kamishna wetu aliipiga kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni tatu za Kenya kwa kuwasumbua watu ambao majina yao yalitolewa kwenye simu za wadaiwa. Maamuzi yake yasome, yatakufaa kwa kulinganisha mkiandika malalamiko yenu kwa Tume. Msiyabebe mazima mazima tu, sheria zenu zina maneno yake.

Na mashirika ya sera za mtandao yapo: Nairobi wapo KICTANet, Kampala wapo CIPESA. Hao CIPESA wana mkutano wao wa uhuru wa intaneti Afrika tangu 2014, na 2023 waliuleta hapo kwenu Dar. Mwanafunzi afuatilie.

#18 Barabara_ya_15

Basi na mimi nikubali kidogo. Lakini wakuu, mnamfungia kijana Tanga. Kesi kubwa za katiba haziko Deep Sea. Akitaka kujua kuhusu intaneti kuzimwa, atajifunzia wapi kwenye ofisi ya talaka?

#19 Wakili_wa_Pwani

Hoja yako ni ya haki, na sina jibu la kukuridhisha. Kesi ya kuzimwa intaneti haiwezi kuletwa na intani wa Tanga. Ila anaweza kuisoma tayari. Tamko la Kanuni za Uhuru wa Kujieleza na Upatikanaji wa Taarifa Afrika, la 2019, kanuni ya 38, linazitaka serikali zisikate intaneti kwa makundi ya watu wala kwa umma mzima. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, Juni 2020 iliikuta Togo na hatia kwa jambo hilohilo. Arusha hapo kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na wao hupokea maintani. Tanzania iliondoa 2019 tamko lake yenyewe, lililokuwa likimruhusu mtu binafsi kuishtaki moja kwa moja pale, kwa hiyo swali la mleta mada, "nalalamika wapi?", ni gumu kuliko anavyodhani, na linastahili memo ya kurasa kumi.

Kwa hapa nyumbani, asome uamuzi wa Mahakama Kuu wa Mei 2024, Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Magoti alipinga vifungu kadhaa vya sheria hii ya taarifa binafsi. Mengi majaji waliyakataa, lakini walikubali kwamba sehemu za vifungu vya 22 na 23 hazieleweki inavyotakiwa, wakaipa serikali mwaka mmoja kuzirekebisha. Mimi napenda vijana waisome kwa ajili ya yale yaliyokataliwa. Hapo ndipo unaona hoja ilikosa nini: mahali ilipotakiwa ushahidi wa mtu aliyeumia, kulikuwa na hofu ya kwamba huenda mtu ataumia. Na mtu aliyeumia anatoka wapi? Anatoka kwenye ofisi ya talaka, mkuu.

Tahadhari ya kifundi: Toleo la Sheria la 2023 limeanza kutumika Julai 2025 na kuna namba za vifungu zilizohama. Hizi tunazotaja hapa ni za sheria zilivyotungwa. Usinakili kutoka noti za kaka yako.

Na chuoni kwako uliza kama kuna timu ya mashindano ya Price ya sheria ya habari, yale ya Oxford. Yana raundi ya Afrika. Ukiwa na ripoti ya fildi ya maana na hoja uliyoiandika kwa mashindano yale, EFF au mwingine yeyote akikuomba mfano wa maandishi yako unacho cha kumpa. Wengi wanaikosa nafasi pale, maana wametuma wasifu mrefu na insha ya darasani.

#20 Mwana_Makorora

Nimeandika barua, naomba mnisahihishie kabla sijaipeleka.

"Mheshimiwa, ninayo heshima kubwa na taadhima kuwasilisha kwako ombi langu la nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Mimi ni kijana mchapakazi, mwenye shauku kubwa ya haki za kidijitali, ninayejituma na kufanya kazi chini ya shinikizo. Katika dunia ya leo ya utandawazi teknolojia imekua kwa kasi na haki za binadamu zinakabiliwa na changamoto nyingi. Ningependa kujifunza mambo mbalimbali ofisini kwako. Napatikana kwa namba [NAMBA YA SIMU IMEONDOLEWA NA MSIMAMIZI WA JUKWAA]"

#21 Mkonge_Mkavu

Mtetezi wa faragha kaanika namba jukwaani 😂 Asante msimamizi.

#22 Binti_Pangani

Mdogo wangu, hiyo barua inaweza kwenda hata kiwanda cha saruji bila kubadilisha kitu. Toa utandawazi. Toa shinikizo. Sema unachoweza kufanya: nimesoma Sheria ya Taarifa Binafsi na kanuni zake, naweza kupanga ushahidi wa simu kwa tarehe, naweza kuandika rasimu ya malalamiko kwa Tume kwa Kiswahili, nazungumza Kidigo kama unakizungumza. Usicheke, wamama wa Sahare wakikuta mtu wa kwao wanasema yote. Weka na tarehe unazopatikana, kuanzia lini mpaka lini.

#23 Wakili_wa_Pwani

Nakubaliana na dada. Niongeze moja: andika wazi kwamba utasaini ahadi ya kutunza siri za wateja, na kwamba huna ndugu wala rafiki mwenye kesi kwenye ofisi hiyo. Kama yupo, mtaje. Mji huu watu wameoana sana.

#24 Mwana_Makorora

Nimekuelewa, wakili. Naiandika upya usiku huu. Niipeleke kwa barua pepe au mkononi?

#25 Wakili_wa_Pwani

Mkononi, nakala mbili, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea ubaki nayo. Usiende asubuhi, mawakili wote wako mahakamani, utaikabidhi kwa mlinzi ikafungiwe karanga. Nenda baada ya saa nane. Ukifika kwangu utajua ni kwangu, simu yako itaombwa mlangoni.

#26 Mzee_wa_Ngamiani

Kijana, kabla hujaenda huko pitia kwangu Barabara ya 9 uniandikie hiyo barua ya kuzikana laini tatu. Chai ipo.